Upana wa Kitanda

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea kuchuma majani ya chai kuliko kushika kalamu. Ukikuta neno nimelikosea, lisome vile lilitakiwa kuwa, halafu uendelee. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Nilianza kuandika haya watu wakipanda mahindi, na sasa mahindi yamefika magotini.

Nataka kuandika juu ya Mzee wa Kijiji. Jina analo, lakini hapa kwetu hakuna aliyelitumia. Hata mke wake, akiwa amemkasirikia, alimwita Mzee wa Kijiji. Kazi ya mzee wa kijiji ni kuwa mkono wa chifu. Anaita watu barazani, anapatanisha waliogombania mpaka, anashuhudia kwamba huyu ni mtoto wa fulani ili apewe kitambulisho. Haina mshahara. Yeye aliifanya tangu kabla sijazaliwa, akiwa amevaa koti la kaki alilopewa na chifu wa zamani. Chifu huyo alikuwa mnene, kwa hivyo koti lilimkaa Mzee kama gunia ambalo majani hayajajaa.

Mimi na mama tunachuma majani katika shamba lake tangu nitoke shule. Yeye ni Mkipsigis, sisi tulitoka upande wa Kisii babu yangu akiwa bado kijana. Kwa hivyo mimi naye tuliongea Kiswahili siku zote, na ndiyo sababu maneno yake nayakumbuka kwa Kiswahili.

Aliipenda nchi hii kwa namna iliyowaudhi watu. Shule yetu iko chini kidogo ya kituo cha kuuzia majani, na Ijumaa jioni watoto hushusha bendera. Ijumaa moja lori lilikuwa limepakia, linateremka kwenda kiwandani Mogogosiek. Mzee akaona bendera inaanza kushuka. Aliingia katikati ya barabara akainua mkono.

"Mzee, toka!" dereva alisema. "Majani yanapata joto!"

"Nchi inashuka. Zima injini."

"Yakiungua nitaambia kiwanda nini?"

"Waambie yaliungua yakiwa yamesimama wima."

Sisi wachumaji tulicheka mpaka vikapu vikatuanguka mgongoni. Lakini tulisimama. Tangu siku hiyo dereva akifika pale Ijumaa alizima injini mwenyewe, akatoa kichwa dirishani na kuuliza, "Mzee, nchi imeshashuka?" Mzee alimjibu, "Bado. Ngoja." Nao wakangoja pamoja, mmoja kwa mzaha, mwingine kwa dhati.

Kijana aliyetaka sahihi yake kwa fomu ya kitambulisho alilazimika kuimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa akiwa amesimama mlangoni pake. Wengine waliimba wakikimbiza maneno kama wanaofukuzwa na nyuki. Mimi naona haya sana. Siku yangu ilipofika nilifungua kinywa na hakuna kitu kilichotoka. Alingoja. Ng'ombe wake walilia wakitaka maji, yeye akangoja tu. Mwisho niliuimba kwa kunong'ona, naye akainamisha sikio mpaka likakaribia mdomo wangu.

"Nimesikia," alisema, akatia sahihi. "Mwenye sauti ndogo pia ni raia."

Usifikiri alikuwa malaika. Akija kuamua kesi hakugusa hata soda ya mtu, alisema soda ina mdomo. Lakini siku za kawaida alijua saa ya chai ya kila nyumba, na angeketi pale akisifu watoto wako mpaka umwekee kikombe. Alihubiri amani barazani, kisha akarudi nyumbani kumfokea mke wake kwa sababu ya kijiko. Redio ikieleza vile wabunge wamegombana, aliizima kwa hasira, akangoja kidogo, akaiwasha tena, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kuomba msamaha.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, watu wa mbali walipita wakisema kila mtu arudi kwao. Mama alikuwa amefunga nguo zetu ndani ya shuka. Mzee alikuja na kigoda chake, akaketi langoni kwetu na koti lake la kaki, siku tatu kuanzia asubuhi mpaka giza. Aliyepita na kuuliza anafanya nini hapo, alijibiwa, "Nalinda serikali." Hakuna aliyetugusa. Lakini mwaka uliofuata, katika mkutano wa kuzungumzia barabara, mama aliinua mkono kusema jambo, na Mzee yule yule akamwambia, "Wewe ngoja kwanza, wenyeji wamalize." Mama hakuwahi kulisahau hilo. Hata lile la kigoda hakulisahau. Aliyaweka yote mawili, akaendelea kumsalimia.

Alikuwa na msemo wake juu ya serikali. "Serikali ni ng'ombe mgumu," alisema. "Ukimpiga anazuia maziwa. Ukimbembeleza pia anazuia. Lakini huwezi kuacha kwenda na ndoo."

Sasa nije kwa jiwe, kwa sababu bila jiwe huwezi kumjua.

Nilipokuwa darasa la pili, mheshimiwa wa wakati huo, mbunge wetu, alisema tutajengewa dispensari. Hospitali ilikuwa mbali, na barabara yetu mvua ikinyesha haipitiki. Mheshimiwa alisema serikali iko tayari, kinachokosekana ni ardhi tu. Watu wote wakaangalia chini. Hapa kwetu ardhi ni majani ya chai, na mtu hang'oi majani. Mche unautunza miaka mitatu au minne kabla haujakupa kitu cha maana, na ukishakomaa unaishi kuliko wewe. Mzee wa Kijiji akasimama akasema, "Nitatoa nusu eka. Ile ya kando ya barabara."

Majani ya nusu eka hiyo yalikuwa yamepandwa na mke wake. Sisi tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Siku ya kung'oa hakutoka nje. Alikaa jikoni, na kila mzizi ulipokatika alisikika akihesabu kwa sauti. Mzee aling'oa mwenyewe, kwa jembe na panga, wiki nzima. Kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba mawe ya msingi kutoka mtoni. Mama alibeba kwa mgongo kama anavyobeba majani. Mimi nilibeba madogo.

Mheshimiwa alikuja, akazindua jiwe jeusi linalong'aa lenye jina lake. Watoto wa shule waliimba. Mzee alimvisha mtambao wa sinendet shingoni, ule ambao wenyeji huwavisha watu wa heshima, akampa kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolazwa na mkaa wa mti. Mheshimiwa akanywa, akaondoka. Baada ya hapo hakuna kilichoongezeka juu ya jiwe lile isipokuwa kinyesi cha ndege.

Kila Alhamisi Mzee alifyeka nyasi za ile nusu eka, akalipangusa jiwe kwa kitambaa. Kogo alimwomba arudishe majani. Binti yake aliyeolewa Mulot alikuja kumwomba. Hata karani wa kituo alimwambia, "Mzee, hiyo shamba inalala bure."

"Hailali," alijibu. "Inangoja."

Nilimuuliza mara moja, tukichuma upande wa juu, kwa nini asipande tu. Alinyoosha kidole kuonyesha lile rundo la mawe ya mtoni, lililokuwa limeota magugu pembeni. "Nikipanda," alisema, "nitakuwa nimemwambia mama yako kwamba alibeba mawe bure. Mimi ndiye niliyemwambia abebe. Si mheshimiwa. Mheshimiwa hata hamjui."

Hapo nilielewa kwamba hakuwa akilinda ahadi ya mheshimiwa. Alikuwa akilinda ahadi yake mwenyewe.

Kisha Kogo akaugua. Ilikuwa mchana, mvua imenyesha siku nne, hakuna gari wala pikipiki iliyoweza kupanda. Vijana wanne walimbeba na kitanda chake cha mbao. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mwavuli. Anayejua mashamba ya chai anajua kwamba njia kati ya mistari inamtosha mtu mmoja aliyegeuka ubavu. Kitanda kilikwama. Walikiinua juu ya vichwa, wakateleza, wakakirudisha chini, matawi yakawachana miguu. Kogo hakulalamika. Tulipofika kwa ile nusu eka tupu ndipo walipoweza kutembea vizuri, wawili kila upande, mpaka barabarani. Kogo aliinua kichwa akaliona jiwe.

"Kumbe imesaidia," alisema.

Hakurudi kutoka hospitali. Sijui kama alisema vile kwa kumfariji mzee wake au kwa kumchoma. Mzee pia hajui. Najua kwa sababu aliwahi kuniuliza.

Miongoni mwa wale wanne alikuwa Kiprono, kijana wa bodaboda, jirani yetu. Kiprono hakumwonea Mzee haya hata kidogo. Vijana walipoandamana mjini, yeye alitoka Kapsoit mpaka Kericho kwa miguu, bendera imefungwa shingoni. Aliporudi Mzee alimkuta kituoni.

"Bendera si leso," Mzee alimwambia.

"Mzee, wewe unaiangalia ikiwa juu ya mlingoti. Mimi nimeivaa ikalowa jasho. Nani anaijua?"

"Mtu haipendi nchi kwa kupiga kelele."

"Na kwa kufyeka nyasi?"

Watu walicheka, na Mzee akaondoka bila kumaliza kuuza majani yake. Ilibidi mama amuuzie yaliyobaki.

Mheshimiwa yule wa jiwe alishafariki. Mwaka jana tukasikia mwanawe anataka kiti cha baba yake, na atakuja kwetu. Ujumbe ulitumwa kwamba atapokelewa pale pale kwenye nusu eka, na Mzee wa Kijiji ndiye atakayempa mursik, kwa sababu ndiye aliyempa baba.

Wiki hiyo Mzee alibadilika. Alikuja mahali tunapochuma, akasimama kati ya mistari, akajaribu maneno yake mbele yetu. "Nitamwambia, mwanangu, kabla hujanywa, njoo usome jiwe la baba yako. Nitamwambia mke wangu alipita hapa juu ya kitanda. Kisha nitamwuliza kama bado ana kiu." Alisema hivyo mara tatu, na kila mara sauti yake iliimarika. Mama aliacha kuchuma. Hata Kiprono aliposikia alisema, "Mzee akisema hivyo, mimi nitambeba mabegani."

Kwetu kuna jambo moja ambalo lazima ulijue. Mgeni akishashika kibuyu, hakemewi. Ukiwa na neno kali, liseme kabla hajapokea. Akishakunywa, ni wa nyumbani. Hata mimi ambaye si mwenyeji najua hivyo. Mzee alikuwa amepanga kusema kwanza, kisha kutoa.

Siku ilifika. Magari yalikuwa mengi, na muziki. Mwendesha mkutano, kijana asiyejua mambo, alichukua kibuyu mahali kilipowekwa akakisukuma mikononi mwa Mzee kabla hata ya maombi. "Haraka Mzee, mheshimiwa ana mikutano mingine!" Na mheshimiwa mtarajiwa alikuwa tayari amenyoosha mikono miwili, anatabasamu, anafanana na baba yake kabisa.

Mzee alisimama. Niliona mdomo wake unafunguka kama wangu siku ile ya kuimba. Nikasema moyoni, mngoje, jamani, yeye aliningoja. Lakini hakuna aliyengoja.

"Karibu, mwanangu," Mzee alisema. "Baba yako alikuwa mtu wetu." Akampa.

Yule alikunywa, akapangusa mdomo, watu wakapiga makofi. Kisha akasema amekuja kumaliza kazi ya baba yake. Vijana wake wakatoa kitu garini kilichofunikwa kitambaa. Kilikuwa jiwe jipya, jeusi, jina lake limeshachorwa. Wakaliweka kando ya lile la kwanza.

"Mzee!" Kiprono alipaza sauti kutoka nyuma. "Na jiwe la kwanza je?"

Mzee aligeuka. "Nyamaza! Mgeni ameshakunywa!"

Ndivyo ilivyokuwa. Sitaki kuipamba. Tulirudi kuchuma.

Baada ya hapo watu walimwita Mzee wa Mawe Mawili. Kiprono ndiye aliyeanza. Mzee aliacha kuvaa koti. Alhamisi zilipita na nyasi zikaota juu ya mawe yote mawili. Lakini kilichoniumiza zaidi ni Ijumaa moja. Bendera ilikuwa inashuka, sisi tumesimama kwa mazoea, na Mzee akapita barabarani ameinamisha kichwa, anatembea. Lori lilikuwa limezimwa pale pale. Dereva akatoa kichwa.

"Mzee, nchi imeshashuka?"

"Wewe pita tu," Mzee alisema.

Dereva hakucheka. Alikaa na injini imezimwa mpaka watoto wakamaliza kukunja bendera.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa mvua ndefu zilipoanza. Alimtuma mtoto atuite, mimi na mama, tuje kwenye nusu eka. Tulikuta miche ya majani imepangwa barabarani ndani ya mifuko yake myeusi, mia kadhaa. Kiprono alikuwa ameileta kwa pikipiki, safari baada ya safari, na sasa alikuwa anachimba mashimo bila kuangalia mtu. Kando ya miche kilisimama kitanda cha mbao cha Kogo, bila godoro.

"Mzee," mama alisema, "umeamua kupanda."

"Nimeamua."

Mimi niliogopa kuuliza, lakini niliuliza. "Kwa hivyo umekata tamaa?"

Alikaa juu ya ukingo wa kitanda. "Siku ile," alisema, "watu wanasema nilizuiwa na desturi. Sikuzuiwa. Kibuyu kilikuwa mkononi mwangu, bado hajakishika. Ningeweza kukiweka chini. Niliangalia yale magari, nikafikiri, labda huyu atajenga. Labda nikimkosea hatajenga. Nikambembeleza ng'ombe." Alikuna mkono wake. "Nimechoka kwenda na ndoo, mtoto wangu. Lakini mgonjwa atatokea tena, na lazima apite. Shikeni kitanda."

Tulishika, Kiprono na mama mbele, mimi na Mzee nyuma. Alikuwa mzito kuinua miguu. Tulitoka juu, mahali njia ya vijijini inapoingia, tukateremka polepole mpaka barabarani, na kila hatua kumi alituambia tusimame, akachomeka kijiti upande wa kushoto na upande wa kulia, nje ya mabega yetu, ili miche isivuke hapo. Mahali palipokuwa na matope alimwambia Kiprono alete yale mawe ya mtoni.

"Na haya mawili meusi?" Kiprono aliuliza. "Niyatupe mtoni?"

"Yaache. Panda kuyazunguka. Mtu akitaka kuyasoma aingie ndani ya majani ayatafute."

Kiprono alileta mawe ya mtoni akayapanga. Mama aliinama akageuza moja, lenye pembe iliyovunjika. "Mzee, hili nililibeba mimi. Liliniumiza hapa." Akagusa mgongo.

"Basi likanyage wewe kwanza," Mzee alisema. Kisha akaongeza, "Na ukiwa na neno juu ya hii njia, sema. Wenyeji watangoja."

Mama alikanyaga. Alisimama juu yake kwa muda.

Mwezi uliofuata binti yake alikuja kumchukua, kwa sababu macho yamekuwa mabaya. Sasa anaishi Mulot, ambako wanapanda ngano na hakuna majani. Miche yetu imeshika. Mimi ndiye ninayeipalilia, na matawi yakielekea njiani nitayakata. Dispensari haijaja. Yule kijana akishinda uchaguzi au asishinde, sijui itakuja lini. Njia iko, na upana wake ni ule ule.

Wewe unayesoma, najua jiwe la namna hii haliko kwetu peke yetu. Kama liko kwenu, niandikie kupitia kwa hao waliochapisha barua hii. Niambie ni la nini, liliwekwa na nani, na ninyi mliopewa jiwe mlifanya nini na ile ardhi. Andika hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, na mtu akienda Mulot nitampa amsomee Mzee.